Pampu ya lori ikifa Matombo, nani alipe?

Karafuu inaweza kumngoja fundi. Pilipili manga na mdalasini vinaweza kulala siku mbili chini ya turubai na bado vikafika Dar es Salaam na bei yake. Ndizi haiwezi, wala nanasi lililoiva, wala fenesi. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya biashara ya Matombo, na ndiyo hesabu inayosahauliwa na wafanyabiashara wengi siku wanapokodi lori.

Matombo, iliyo upande wa mashariki wa milima ya Uluguru katika Wilaya ya Morogoro, ni eneo lenye neema ya matunda na viungo. Mazao hushuka kutoka milimani vichwani mwa watu na kwa pikipiki, hukusanywa kando ya barabara na kupakiwa kwenye malori madogo aina ya Canter na Fuso. Kutoka hapo hupitia Mkuyuni, Kiroka na Bigwa. Mengine huishia Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, na mengine huendelea na barabara kuu kupitia Chalinze hadi Mabibo na masoko mengine ya Dar es Salaam.

Katika safari hiyo macho ya mwenye mzigo huwa kwenye bei ya sokoni. Hupiga simu kwa dalali usiku, huuliza mkungu umeamkia shilingi ngapi, huuliza ni malori mangapi yameingia. Ni mara chache kumsikia akimuuliza dereva chujio la dizeli lilibadilishwa lini, au mafuta yaliyomo kwenye tangi yalinunuliwa wapi. Matokeo yake ni kwamba bei huwa nzuri, mzigo huwa mzuri, na lori huzima katikati ya mlima kwa sababu injini haipati mafuta.

Lori likizima hivyo, husemwa kwamba ni bahati mbaya. Lakini wanaoijua kazi hiyo wanafahamu kuwa kufa kwa pampu ya mafuta ni gharama ya biashara kama ushuru wa soko ulivyo, isipokuwa gharama hii haijaandikwa popote. Na gharama isiyoandikwa humwangukia aliye dhaifu kuliko wote.

Hasara huanguka wapi

Zipo pande nne katika safari moja ya ndizi. Yupo tajiri wa lori, ambaye mara nyingi anakaa mjini. Wapo dereva na tandiboi. Yupo mfanyabiashara mwenye mzigo. Na yupo mkulima, ambaye mara nyingine ametoa ndizi zake kwa mali kauli, analipwa mzigo ukishauzwa.

Pampu ikifa, tajiri hulipa pampu na fundi. Hilo ni wazi na hakuna anayelibishia. Dereva na tandiboi hubeba lawama na kulala kwenye kebini. Mfanyabiashara huona ndizi zikigeuka rangi. Mkulima hupigiwa simu na kuambiwa, "Mzee, mzigo umeharibikia njiani." Aliyetunza mgomba mwaka mzima ndiye anayelipa sehemu ya pampu ambayo hajawahi kuiona.

Chukua mfano wa hesabu tu. Lori limepakia mikungu 300. Likichelewa siku moja na nusu, mnunuzi wa sokoni anaona ndizi zimeanza kuiva na anakata sh. 2,000 katika kila mkungu. Hiyo ni hasara ya sh. 600,000 kabla ya kuhesabu mikungu iliyotupwa kabisa. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mtaji wa mkopo, fedha hiyo ndiyo faida yote ya safari, na pengine ni sehemu ya mtaji wenyewe.

Sababu ya hasara kuwa kubwa hivyo iko kwenye tabia ya ndizi yenyewe. Ndizi hukatwa mbichi, lakini haifi ikikatwa. Huendelea kupumua na kutoa joto, na ikianza kuiva hutoa gesi inayoziamsha zile za jirani. Lori linapotembea, upepo hupita katikati ya mikungu na kupunguza joto. Lori likisimama juani na turubai likiwa limefungwa, mzigo wote hugeuka chumba cha kuivishia.

Pampu husema kabla ya kufa

Jambo la pili lisilofahamika vya kutosha kwa wenye mizigo ni kwamba pampu nyingi hazifi ghafla. Lori hupoteza nguvu mlimani ingawa kwenye tambarare linakwenda vizuri. Huanza kukohoa, huzima, na likipumzika dakika kumi huwaka tena. Asubuhi hukataa kuwaka mpaka tandiboi apige pampu ya mkono. Dereva huziona dalili hizo wiki nzima. Lakini akimwambia tajiri, hujibiwa apeleke mzigo kwanza, mambo ya gereji baadaye.

Kwenye malori mengi ya zamani yanayofanya kazi ya Uluguru zipo pampu mbili. Pampu ndogo huvuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuipitisha kwenye chujio. Pampu kubwa, ambayo wengi huiita injekta pampu, huisukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli. Ile ndogo ni ya bei ya kawaida na fundi wa kijijini anaweza kuifungua. Ile kubwa ni kazi ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, naye hapatikani kando ya barabara ya Matombo.

Aidha, pampu husingiziwa sana. Dereva mzoefu, injini ikizima kwa kukosa mafuta, hakimbilii kuifungua. Kwanza hupima kama kweli tangi lina mafuta, maana geji ya lori kuukuu si shahidi wa kuaminika. Pili hulegeza kifuniko cha tangi: likivuta hewa kwa sauti, tundu la kifuniko limeziba kwa vumbi na pampu ilikuwa inavuta utupu. Tatu huangalia chujio na kikombe cha maji. Nne hukagua mipira na viungio, kwa sababu tundu dogo lisiloonekana hata kudondosha dizeli linatosha kuingiza upepo. Baada ya hapo hulegeza skrubu juu ya chujio, hupiga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli safi itoke, kisha hukaza na kuwasha. Mara ngapi pampu nzima imeng'olewa na kupelekwa mjini kwa pikipiki, ilhali aliyekosa alikuwa chujio!

Na kama pampu ndogo imekufa kweli, upo ujanja wa miaka mingi unaojulikana na madereva wa dizeli. Dumu safi la dizeli hufungwa juu zaidi ya injini, mpira hushushwa hadi kwenye chujio, na mafuta hujiteremkia yenyewe hadi kwenye pampu kubwa. Lori huweza kujikokota hivyo hadi mjini, mzigo ukapona.

Ujanja huo una mipaka miwili ambayo lazima itajwe. Haufai kabisa kwa petroli, ambayo mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Mkoa wa Morogoro hauhitaji kukumbushwa: tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mpaka wa pili ni kwamba haufai kwa injini za kisasa zinazotumia mfumo wa komoni reli, ulioanza kuenea miaka ya 1990. Mfumo huo husukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida. Kulegeza bomba lake injini ikiwa inaunguruma ni kuhatarisha mwili, kwa sababu mafuta hayo hutoboa ngozi.

Mafuta ya dumu ni rahisi ghali

Wanaouliza pampu zinakufa kwa nini wanapaswa kuanzia kwenye tangi. Sehemu nyingi za pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Yakichanganywa humo, vyuma vilivyokaribiana kwa unene mdogo kuliko unywele husagana, vikatoa unga, na unga huo ukamaliza pampu na nozeli pamoja.

Ndiyo maana vita ya uchakachuaji haikuwa ya kodi peke yake. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, ili pengo la bei lililowavutia wachakachuaji lizibwe. Hatua hizo zilipunguza tamaa, ingawa zilimwumiza mwananchi wa kawaida aliyekuwa akitumia mafuta ya taa kwa koroboi na jiko.

Lakini vinasaba na bei kikomo inayotangazwa kila mwezi humlinda yule anayenunua kituoni. Mafuta yanayouzwa kwenye madumu na chupa kando ya barabara hayana risiti, hayana mita, na hakuna wa kumshtaki. Hata kama muuzaji ni mwaminifu, dumu lenyewe huweza kuwa na mchanga na maji. Na kwa Uluguru kuna baridi ya usiku: tangi lililolala nusu tupu hutoa jasho ndani, na jasho hilo ni maji yanayoshuka hadi chini, mahali pampu inapovutia.

Dereva aliyepewa fedha pungufu ya mafuta atanunua dumu. Atakayelipia punguzo hilo si yeye. Wahenga walikwisha kusema, rahisi ghali.

Wageni wenye nyumba za magurudumu

Barabara hiyo hiyo ya Matombo, ikiendelea kupitia Mvuha hadi Kisaki, ni moja ya njia za kwenda lango la Matambwe la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Wasafiri wa kigeni wanaozunguka Afrika kwa nyumba za magurudumu, zenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, huweza kuchagua njia kama hiyo. Magari yao pia huzima, na pampu zao pia hufa. Nyingi huwa na pampu ya umeme, hivyo kabla ya kulaumu pampu mwenye gari huangalia fyuzi na rilei, kisha hufungua swichi na kutega sikio: kama pampu hailii, kwanza inatafutwa nyaya yenye kutu.

Kwa mgeni huyo gari kuzima ni usumbufu. Anacho kitanda, anacho chakula, na kinachooza ni siku zake za likizo. Lakini lipo la kujifunza kwake. Msafiri mzoefu wa aina hiyo hubeba machujio mawili au matatu ya akiba, mipira, vibano na mara nyingine pampu nzima, kwa sababu alikwisha kukubali kabla ya kuondoka kwamba siku moja gari litazima.

Huko kwao jambo hilo limejengewa utaratibu tangu zamani. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilianzishwa mwaka 1903, na kile cha Uingereza, AA, mwaka 1905. Mwanachama hulipa ada kila mwaka, gari likizima fundi humfuata. Hakuna maajabu hapo. Ni watu wengi kuchangia kidogo kabla, ili mmoja asiangamie siku yake ikifika.

Tanzania haina upungufu wa fikra hiyo. Upatu, VIKOBA na SACCOS vimesimama juu ya msingi huo huo. Kinachokosekana ni kuuhamisha msingi huo kutoka kwenye misiba, ada za shule na mikopo midogo, na kuufikisha kwenye lori linalobeba mali ya watu.

Wenye malori nao wana hoja

Si haki kuwatupia matajiri wa malori lawama zote. Wao husema nauli ya mzigo hupangwa na ushindani. Msimu wa mavuno malori hujaa na kila mwenye mzigo huwapambanisha ili apate bei ya chini. Anayedai nauli ya kutosha kutunza gari huachwa amesimama, na mzigo huenda kwa yule mwenye lori bovu aliye tayari kwa lolote. Barabara ya vumbi na mawe humaliza chujio kabla ya muda wake, na masika humaliza mengine.

Hoja hiyo ni ya kweli, na inamrudia mfanyabiashara. Mwenye mzigo anayechagua lori kwa nauli ya chini peke yake amechagua pia tangi lake, chujio lake na pampu yake. Alichookoa Matombo anakilipa Mabibo.

Wapo wanaodhani bima itafidia. Kwa kawaida bima ya gari hailipi ubovu wa mashine unaotokana na uchakavu, na bima ya mzigo safarini kwa kawaida hailipi bidhaa iliyooza kwa kucheleweshwa. Anayetegemea bima bila kusoma masharti yake amebeba karatasi tu. Wapo pia wanaotazama reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Hata siku itakapobeba ndizi, ndizi hizo zitahitaji lori la dizeli kuzifikisha stesheni.

Nini kifanyike

Kwanza, makubaliano ya usafiri yaandikwe. Sheria ya Mikataba inatambua makubaliano ya mdomo, lakini mbele ya baraza au mahakama ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: namba ya gari, idadi ya mikungu, saa ya kuondoka, na sharti kwamba lori likizima zaidi ya saa walizokubaliana, mwenye lori atatafuta lori la kupokea mzigo kwa gharama yake. Tajiri akijua kuwa saa sita za kusimama zina bei, atamsikiliza dereva anaposema gari halina nguvu mlimani.

Pili, wenye mizigo wakubali kulipa. Nyongeza ndogo kwa kila mkungu, iwekwe kando katika mfuko wa pamoja wa wafanyabiashara na wenye malori wa njia hiyo, itatosha kununua machujio, mipira na pampu ndogo za akiba za aina za malori yanayotumika zaidi. Vipuri hivyo vikae mahali panapofahamika kwenye njia, kwa fundi aliyeaminiwa na kikundi, naye atoe hesabu kila mwezi kama mweka hazina wa VIKOBA anavyotoa. Pampu inayopatikana kwa mwendo wa pikipiki wa saa moja huokoa mzigo. Pampu inayosubiri duka lifunguliwe mjini haiokoi.

Tatu, fedha ya mafuta isiwe mahali pa kubania. Dereva apewe fedha kamili, ajaze tangi kituoni kabla ya kupanda mlima, alete risiti. Risiti hiyo ni kinga ya dereva mwenyewe siku lawama zitakapotafuta mtu.

Nne, mpangilio wa mzigo uzingatie subira yake. Mfanyabiashara anayepakia viungo na matunda pamoja asiweke karafuu juu na ndizi chini kabisa. Lori likizima, kinachooza ndicho kinachopaswa kuwa cha kwanza kuhamishwa.

Mwekezaji mdogo apige hesabu upya

Neno la mwisho linawahusu wale wenye akiba kidogo wanaofikiria kununua lori la mtumba wakodishe. Hesabu wanazoonyeshwa huwa na safari, nauli, mafuta na mshahara wa dereva, na chini kabisa faida inayopendeza. Mstari wa pampu haumo. Mnunuzi makini huuweka mstari huo tangu mwezi wa kwanza, na kabla ya kulipa humpeleka fundi pampu alipime gari likiwa na mzigo na likiwa mlimani. Gari kupigwa gesi uwanjani hakumwonyeshi kitu. Faida isiyobaki baada ya kutenga fedha ya pampu haikuwa faida tangu mwanzo.

Kwa mwenye mtaji mkubwa kidogo, ipo nafasi nyingine. EWURA imekuwa ikihimiza ujenzi wa vituo vya mafuta vya gharama nafuu vijijini ili biashara ya madumu ipungue. Kituo kidogo chenye mafuta safi, rafu ya machujio na fundi mmoja anayejua kutoa upepo, kwenye njia ya mazao kama ile ya Matombo, kitauza zaidi ya dizeli. Kitauza uhakika wa mzigo kufika.

Mpaka hayo yatakapofanyika, mwenye ndizi anayo kinga moja isiyogharimu kitu. Kabla ya kuruhusu mkungu wa kwanza upande juu ya lori, amuulize dereva maswali mawili: chujio lilibadilishwa lini, na mafuta haya yametoka wapi. Dereva akikosa jibu, atafute lori lingine wakati ndizi bado ziko chini kivulini.